Watoto tisa, soksi tisa: michezo midogo ya kubeba Krismasi

SWALI: Tunaishi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na Krismasi hii tunakwenda kwa baba mkwe wangu, kijijini Masaka, Uganda. Nikijumlisha wanangu watatu, mmoja wao binti wa miaka kumi na miwili, na binamu zao, watakuwa watoto tisa. Mdogo ana miaka minne, mkubwa kumi na mitano. Umeme wa kule ni wa kubahatisha, na mwaka jana waligombania simu moja mpaka mzee akakasirika. Nimesikia kuna watu huwatilia watoto vizawadi ndani ya soksi. Nataka nitie michezo midogo ya ubao na karata, isiyojaza mzigo wala kumaliza nauli. Nichague ipi?

JIBU: Mama, kabla ya kuuliza bei, hesabu vichwa. Michezo mingi midogo inayopangwa mbele ya maduka ni ya watu wawili au wanne, na wewe una watoto tisa. Ukinunua tu ya wawili wawili, ugomvi wa simu utahamia kwenye michezo. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitazama kwenye mchezo wowote ni hili: mtoto aliyeshindwa, au aliyekosa nafasi, atakaa pembeni kwa muda gani? Dakika tatu anavumilia. Nusu saa hawezi, na wa miaka sita atazirusha kete migombani.

La pili ni nani atakayeufundisha. Miaka yote niliyokaa mikekani na watoto nimeona jambo lilelile: mtoto aliyepewa mchezo akaachwa na karatasi ya maelekezo huufungua, huzitawanya kete, na kesho yake nusu yake imepotea. Aliyefundishwa mchezo wake mapema huwa mwalimu wa wenzake, na mwalimu huvitunza vifaa vyake. Ndiyo sababu nakushauri kila soksi iwe na mchezo mmoja mzima, na kila mtoto awe na mchezo anaoweza kuwafundisha wengine. Wanao watatu wafundishe hukohuko Malaba. Watazijua zawadi zao mapema, na hilo lisikusumbue. Binti wa miaka kumi na miwili anayewaelekeza binamu zake mchezo wasioujua anafurahi siku tano, wakati mshangao wa kufungua soksi huisha mara moja.

Usigawe mchezo mmoja kwenye soksi mbili, huyu dadu na yule ubao, ukidhani utawalazimisha wapatane. Mmoja akinuna na dadu mfukoni, mchezo umelala.

Sasa michezo yenyewe. Katika tisa hiyo lazima uwepo angalau mmoja unaowameza wote wanaojua namba, na hapo mimi sibabaiki: chukua 6 nimmt!, mchezo wa Kijerumani uliotungwa na Wolfgang Kramer ukatoka mwaka 1994. Wauzaji wa Kiingereza huuita pia Take 5 au Take 6. Ni karata 104 peke yake, zenye namba 1 hadi 104, na kila karata ina vichwa vya ng'ombe vilivyochorwa, kuanzia kimoja hadi saba. Wanacheza watu wawili hadi kumi. Kila mtu anapewa karata kumi, na nyingine nne zinalazwa katikati, kila moja ikianzisha safu yake. Wakiwa kumi, karata 100 ziko mikononi, nne ziko mkekani, hakuna inayobaki.

Unavyochezwa ni hivi. Kila mmoja anachagua karata moja kwa siri na kuilaza kifudifudi. Zikishafunuliwa zote kwa pamoja, mwenye namba ndogo ndiye anayeanza kupanga. Karata inaenda kwenye safu ambayo namba yake ya mwisho iko chini yake na imekaribiana nayo zaidi. Tuseme safu zinaishia 12, 37, 58 na 90, nawe umetoa 41: yako inakaa baada ya 37. Safu ikishafika karata tano, anayeleta ya sita anazizoa zile tano, na yake inaanza safu upya. Ukitoa namba iliyo chini ya miisho yote minne, unachagua safu mojawapo na kuizoa. Vichwa vya ng'ombe ulivyozoa ni deni lako. Mwenye deni dogo ndiye mshindi. Baada ya karata kumi mnahesabu, mnaandika, mnagawa tena.

Tazama uzuri wake kwa familia kama yako. Hakuna anayetolewa. Hakuna anayesubiri zamu, kwa kuwa wote wanachagua wakati mmoja. Mtoto wa miaka minane anaweza kumshinda mjomba wake bila kupendelewa, kwa sababu nusu ya mchezo ni akili na nusu ni kile walichokitoa wengine. Na ule wakati wa kufunua! Mtu amejua kabisa kwamba 41 yake itakuwa ya tano, halafu mwenzake anafunua 39. Hapo mkeka mzima unapiga kelele.

Usipoupata dukani, utengeneze. Nunua karatasi ngumu za manila za ukubwa wa A4. Karatasi moja inatoa karata tisa za sentimita 6.5 kwa 9, kwa hiyo 12 zinakutosha na unabaki na akiba ya nne. Andika namba kwa kalamu ya wino wa kawaida, maana kalamu nene ya rangi huvuja upande wa pili na karata inajulikana hata ikiwa kifudifudi. Pigia mstari chini ya namba zote zenye 6 na 9, la sivyo watoto watabishana kama hiyo ni 68 au 89. Vichwa vya ng'ombe hesabu hivi: namba inayoishia na 5 ina viwili, inayoishia na 0 ina vitatu, namba pacha kama 11, 22 na 33 zina vitano, 55 peke yake ina saba, zilizobaki zote kimoja kimoja. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha kabisa, na yule binti wa miaka kumi na miwili anaweza kuzikata mwenyewe jioni mbili.

Karata za kawaida, zile 52, zitie kwenye soksi ya mkubwa wa miaka kumi na mitano. Bila shaka anaujua mchezo wa karata uitwao matatu, maana kijana wa Uganda asiyeujua matatu ni nadra. Karata saba kwa kila mtu, unafuata namba au alama iliyo chini, 2 inamwokotesha mwenzako mbili, A inabadilisha alama, na 7 ya alama iliyowekwa mwanzoni inakata mchezo, kila mtu ahesabu alizobaki nazo. Mimi naupenda hasa kwa hiyo kata. Mtu aliyejaza mkono karata kumi na tano haumii muda mrefu, mchezo unakatwa ghafla na wote wanaanza sawa. Kila mtaa una sheria zake za nyongeza, kwa hiyo mwambie kijana azitangaze zake kabla ya kugawa, si katikati. Wakiwa zaidi ya watano au sita, changanya pakiti mbili.

Ila mpigie simu mzee kwanza. Wako wazee, wa kanisani na wa msikitini, ambao karata kwao ni kamari, na mwenye nyumba ana haki ya kuamua kinachochezwa kwake. Akikataa, usibishane naye. Mchezo wa namba na vichwa vya ng'ombe hauna mfalme wala malkia na hauchezewi pesa, na sijaona mzee aliyeukataa.

Uno utaiona kila mahali. Ilibuniwa Marekani mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa Ohio, na ni ndugu wa damu wa matatu: kufuata rangi au namba, kuokotesha, kuruka. Watoto wanaojua matatu hawahitaji Uno, na fedha yako ina kazi nyingine. Ningeinunua kwa sababu moja tu, mzee akiwa amekataa karata za kawaida. Hata hivyo fungua kasha uziangalie rangi kwenye mwanga hafifu. Za bei ya chini, nyekundu na njano yake hufanana sana chini ya tadooba (kibatari) au taa ndogo ya sola, na Masaka ikifika saa moja jioni giza limeshaingia.

Sasa baba mkwe mwenyewe. Unakwenda Buganda, nyumbani kwa omweso, na soksi mojawapo inaweza kubeba mchezo mkubwa kuliko yote bila kubeba ubao. Omweso una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na mbegu 64. Ubao wa mbao ni mzito na si wa kuingia kwenye soksi, lakini mashimo yanachimbwa ardhini, chini ya mwembe, kwa dakika chache. Kinachohitajika ni mbegu. Tafuta empiki zenyewe, zile mbegu nyeusi ngumu, kwa wauzaji wa kazi za mikono. Ukizikosa, okota vijiwe 64 vinavyolingana. Maharage usitie, yataliwa na kuku au yataota. Zishonee kifuko cha kitenge na umpe mtoto yule anayependa kukaa karibu na babu yake.

Kwa wewe wa Malaba ambaye labda umeona bao la kete la pwani: idadi ya mashimo na kete ni ileile, lakini sahau mambo ya nyumba na kunamua. Kwenye omweso kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake na mbegu 32. Unachukua mbegu za shimo lenye mbili au zaidi na kuzipanda moja moja kuzunguka safu zako mwenyewe, kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, unaendelea na za hapo. Ikiangukia shimo la safu yako ya ndani lenye mbegu, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yana mbegu, unazikomba hizo na kuzipanda tena kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Asiyeweza tena kusogea ameshindwa. Yapo mengine zaidi, kama kukomba kwa kurudi nyuma, na hayo ndiyo nataka babu ayafundishe. Mjukuu akimpelekea mzee kifuko cha mbegu na kumwomba, "Jjajja, nifundishe," umempa mzee naye zawadi yake, na simu hapo haina nafasi.

Omweso ni wa wawili, ni kweli, lakini haumwachi mtu mpweke. Wanaotazama wanahesabu pamoja nao, wanaonya, wanazomea.

Kwa wale wadogo kuna miwili. Wa miaka mitano au sita mpe Dobble, kama bajeti inaruhusu: karata 55 za duara, kila moja ina picha nane, na ukichukua karata zozote mbili, daima kuna picha moja tu inayofanana. Anayeiona kwanza na kuitaja ndiye anayechukua. Hakuna kusoma, na mtoto hataji kwa Kiingereza wala Kiswahili wala Luganda pekee. Lugha yoyote inakubalika mradi wote waielewe. Watu wazima hushindwa na watoto hapa, na watoto wanalijua hilo haraka. Kopo lake la bati ni la duara na haliingii kwenye soksi ya mtoto, kwa hiyo zitoe karata na uzitie kwenye kifuko. Wa miaka minne mtengenezee mchezo wa kukumbuka: vizibo 24 vya soda vilivyooshwa na kubonyezwa kingo zisikate, ndani ya kila viwili umebandika picha zinazofanana. Vinapangwa vikiwa vimefunikwa, kila mtu anafunua viwili, vikifanana anavichukua. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka minne kwa mambo haya ni kali. Msimwachie ashinde, atashinda mwenyewe.

Hapo lakini kuwa macho. Kama kutakuwa na mtoto anayetambaa au aliye chini ya miaka mitatu, chochote kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba koo: dadu, kete, vizibo, mbegu za omweso. Vifuko vyote viwe na kamba, na vining'inizwe juu mchezo ukiisha.

Ludo sihitaji kuieleza. Inachezwa kila stendi ya bodaboda, na wanne hukaa saa nzima huku watano wakizunguka. Ukiitaka, wacheze wawili wawili kama timu, na kila rangi itumie kete mbili badala ya nne, inaisha upesi. Ubao wake wa kukunja kwenye soksi utaupata kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, au umchoree fundi cherehani kwenye kitambaa. Dhumna, vipande 28, ni nzuri na haichakai, ila nzito kidogo kwa soksi.

Na kuna mchezo wa dadu moja tu, wa bei ya chini kuliko yote, ambao ningempa mtoto wa miaka saba au minane anayejifunza kujumlisha. Unarusha dadu na kujumlisha unachopata, unaendelea mradi hujaogopa. Ukisema basi, jumla yako inaandikwa. Ukirusha ukapata 1, za zamu ile zote zimepotea. Wa kwanza kufika 100 ameshinda. Tia dadu, penseli na daftari dogo; soksi imekamilika.

Sataranji nimeiacha nyuma kwa makusudi. Uganda tuna Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyefundishwa na Robert Katende, akaichezea nchi kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na mwaka 2012 Istanbul akafikia kiwango cha cheo cha Woman Candidate Master, ngazi ya kwanza ya vyeo vya wanawake katika sataranji. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba sataranji ni ya watoto wa tabaka fulani. Ila haifundishiki vizuri katika kelele za sikukuu. Kama mmoja wa watoto ameshaianza shuleni, mpe ile ndogo ya kukunja, na chagua ya vijiti vinavyochomekwa kwenye matundu. Za sumaku za bei nafuu huachia sumaku zake, na mtoto akimeza sumaku mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuujeruhi. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali.

Kwa kuwa mtapita Kampala, nunua kwenye maduka ya mtaa wa Kikuubo, karibu na vituo vya mabasi, lakini usiache hadi siku ya safari. Wiki ile ya mwisho watu ni wengi mno kiasi kwamba huwezi kufungua kasha ukaangalia, na kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Karata, ikunje moja kidogo kama upinde uiachie: irudi ikiwa imenyooka. Iinue kwenye mwanga; ukiiona namba kutoka nyuma, irudishe. Za plastiki nyembamba huteleza na kugandana, ila zinastahimili vumbi na mikono yenye mafuta ya chapati. Dadu, jumlisha pande zinazokabiliana: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kila jozi iwe saba. Nimeshika dadu za sokoni zenye 4 mbili na zisizo na 3 kabisa. Nunua mbili za ziada, kwa kuwa dadu ndiyo ya kwanza kupotea.

Soksi zenyewe usinunue zile nyekundu zenye manyoya. Nunua soksi za shule. Shule zikifunguliwa mwaka mpya watazihitaji, na kila mtoto anapata vitu viwili kwa pesa ya kimoja. Chukua zile ndefu za kufika goti, zinavutika na kasha la karata linaingia bila kupasua mshono. Tia mchezo kwanza, halafu peremende juu yake, ufunge kwa uzi wenye jina.

Ukishafika Masaka, tarehe 24 jioni keti na wale binamu sita, mmoja mmoja, dakika kumi kila mmoja, umwonyeshe mchezo wake, uifunge tena soksi. Mkubwa wako akusaidie kwa watatu. Siku ya Krismasi baada ya chakula tandika mikeka miwili: mmoja wa mchezo wa wote, mwingine wa wawili wawili. Kwenye ule wa wote kaa wewe mzunguko wa kwanza, maana mgawaji wa kwanza ndiye anayeweka utaratibu. Kisha nyanyuka umwachie binti yako agawe.